Aliyepasuliwa kansa ya utumbo tusimwache peke yake
(Mazungumzo kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)



Sisi wa kazi ya afya vijijini tulikulia kambini kama ninyi, kwa hiyo tutasema wazi. Kuna mzee wetu mmoja. Kule Tanzania alipasuliwa kansa ya sehemu ya mwisho ya utumbo, karibu na njia ya haja kubwa. Akapona, akarudi nasi Fizi. Karatasi zake zikabaki kule. Mwaka wa pili akaanza kuona damu chooni na kuumwa kikalio. Sisi tukasema ni amibe, wengine wakasema bawasili. Alikunywa dawa miezi na miezi. Tulipomfikisha kwa dokta, uvimbe ulikuwa umerudi palepale na umeshika mfupa. Tulimzika.

Kwa nini unarudi? Chembe ndogo za kansa zinaweza kubaki kwenye mafuta yanayozunguka utumbo. Mwaka 1982 dokta wa Uingereza, Bill Heald, aliandika kwamba sehemu ile itolewe pamoja na mafuta yake yote, bila kuyachana. Upasuaji wa namna hiyo umepunguza sana kurudi kwa uvimbe. Mionzi kabla ya kupasuliwa nayo inasaidia wagonjwa wengi wa sehemu hiyo. Hapa Fizi hatuna mionzi. Ng'ambo ya ziwa iko Bugando, Mwanza, na Ocean Road, Dar es Salaam. Basi mgonjwa aulize mapema, kabla ya kisu: «Dokta, mimi nahitaji mionzi kwanza?»

Akishapasuliwa, nyama iliyotolewa ipimwe laboratwari. Ulizeni: kingo zake ni safi? Tezi zilizopimwa zinafika 12? Ngapi zina kansa? Majibu hayo yanaonyesha kama anahitaji dawa za kemo, na kemo isichelewe kupita wiki 8.

Halafu kontrole. Kansa ikirudi, mara nyingi inarudi ndani ya miaka 3 ya kwanza. Kwa hiyo aonwe na dokta kila miezi 3 mpaka 6 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 mpaka itimie 5. Apimwe damu, kipimo kinaitwa CEA. Mwaka 1 baada ya kupasuliwa aangaliwe utumbo kwa kamera. Uvimbe ukikamatwa ungali mdogo, pengine unaweza kutolewa tena.

Akiona damu, choo kikibadilika, akikonda, akiumwa kikalio au nyonga, asingojee siku ya kontrole. Na tusimpe dawa ya amibe kwa kukisia.

Ndugu, sanduku letu la msaada linalipa jeneza. Halilipi tiketi ya mashua ya kwenda kontrole. Tunaomba komite ibadilishe hilo leo. Na kila aliyepasuliwa ng'ambo alete jina lake kwa sekretari, tutafute karatasi zake pamoja. Za yule mzee hatukuzitafuta.