Mkutano wa Miji na Vyumba Vyake vya Pembeni

Mwezi Mei 2022 mji wa Kisumu, ulio kando ya Ziwa Viktoria katika nchi jirani ya Kenya, ulipokea mkutano wa Africities, yaani mkutano wa viongozi wa miji na serikali za mitaa za Afrika. Mikutano ya nyuma ilikuwa imefanyika katika majiji makubwa kama Abidjan, Dakar na Johannesburg. Safari hii zamu iliuangukia mji wa kati, na mada yenyewe ilihusu nafasi ya miji ya kati katika maendeleo ya bara hili. Kenya si ngeni katika shughuli hizo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi limekuwa na makao yake Nairobi tangu lilipoundwa mwaka 1978, na mwaka 2002 Jukwaa la Miji Duniani lilifanyika huko kwa mara ya kwanza.

Katika mikutano ya namna hii wapiga picha huelekea ukumbi mkubwa. Lakini hotuba za ukumbini huwa zimekwisha andikwa siku nyingi kabla, na mjumbe angeweza kuzisoma akiwa kwake. Kinachostahili nauli yake ni vile vikao vidogo vya kukutanisha wajumbe, ambamo mhandisi wa maji wa mji mmoja humwuliza mwenzake wa mji mwingine namna alivyozuia wizi wa maji, naye akajibiwa bila mbwembwe.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi ulifanyika Vancouver, Kanada, mwaka 1976. Wajumbe wa serikali walikaa katika kumbi za katikati ya jiji. Wananchi, wataalamu na vyama vya hiari waliwekewa mkutano wao ufukweni Jericho, katika mabanda ya zamani ya ndege za jeshi la anga, yaliyokarabatiwa kwa kazi hiyo. Mabanda yalipendeza, na mazungumzo yalikuwa na uhai. Hata hivyo, mwenye shida alikuwa ufukweni, na mwenye mhuri alikuwa mjini.

Kuwaweka chini ya paa moja ni hatua, lakini haitoshi. Watu wakiachwa wajitafute wenyewe, mawaziri watazungumza na mawaziri, na mwenye Kifaransa atamtafuta mwenye Kifaransa. Kwa hiyo mwandaaji mwenye busara huanza kazi miezi kadhaa kabla. Humtaka kila mjumbe aandike jambo moja analotaka kujifunza na jambo moja analoweza kufundisha, kisha huwapanga kwa haja zao, si kwa vyeo vyao. Viti huwekwa kwa duara, watu wanane au kumi, na mkalimani hukaa ndani ya duara hilo. Mwenyekiti huwa mtu anayethubutu kumkatiza hata meya anapoanza kuhutubia. Mwisho wa kikao huandikwa nani atamtembelea nani, na lini. Kupeana kadi za anwani mlangoni si kukutana.

Faida ya kukutanisha watu wa namna hiyo ilionekana Kenya yenyewe, ingawa ilipatikana kwa ziara wala si mkutanoni. Reli itokayo Mombasa kwenda Uganda hupita Kibera, mtaa ulioanza kama makazi ya askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la King's African Rifles. Kwa miaka mingi watu walijenga na kuuza bidhaa hadi ukingoni mwa reli. Mwaka 2004 shirika la reli lilitoa amri waondoke. Kila askari aliyewahi kutumwa kusimamia ubomoaji anajua amri kama hiyo huishia wapi: mawe upande huu, marungu upande ule, na baada ya wiki chache vibanda vimerudi palepale.

Badala yake, maofisa wa reli walipelekwa Mumbai, India, kwa juhudi za asasi ya Pamoja Trust iliyofanya kazi na wakazi. Huko walikutana na wenzao wa reli na watu wa mabanda waliokuwa wamejihesabu na kujiandikisha wenyewe. Watu wapatao 60,000 walikuwa wamehama kandokando ya reli kwa mpango walioushiriki. Waliporudi Kenya, mazungumzo yalichukua nafasi ya amri. Kazi ilikwenda polepole mno, pengine kupita kiasi, lakini katika miaka iliyofuata nyumba na vibanda vipya vya biashara vilijengwa kwa ajili ya waliohamishwa.

Hapa ndipo mlinzi wa lango anapoingia. Mkutano wenye marais na mawaziri hauna budi kulindwa barabara. Lakini mwakilishi wa mtaa wa mabanda mara nyingi hana barua yenye nembo wala gari la kumshusha mlangoni. Yafaa jina lake lifike kwa mkuu wa ulinzi siku kadhaa kabla, kitambulisho chake kitolewe mapema, na langoni awepo afisa mwenye mamlaka ya kuamua papo hapo, asije mjumbe huyo akasimama juani huku kikao alichoitiwa kinaendelea bila yeye.