Kovu Ndani ya Kigubiko: Uigaji wa Tishu Laini na Upasuaji wa Vikope

Naibu Chansela, wahadhiri wenzangu, wazee wetu na akina mama mliotoka Oltepesi,

Nimeitwa kueleza jinsi kompyuta inavyoiga tishu laini za mwili papo kwa papo. Nitaeleza kupitia kigubiko cha jicho, kwa sababu Kajiado ni mojawapo ya kaunti ambako ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, umepofusha watu kwa vizazi. Kule Oltepesi, kwenye ukame wa barabara ya Magadi, maji ya kumnawisha mtoto uso hushindaniwa na mifugo, na nzi husambaza bakteria kutoka jicho hadi jicho. Mtoto huugua, hupona, huugua tena. Makovu hujikusanya upande wa ndani wa kigubiko, na miaka mingi baadaye huvuta ukingo hadi kope zikageukia ndani. Kila mama anapopepesa, kope zinakwaruza konea. Wengi huzing'oa kwa kibano, nazo huota tena.

Hapo tiba ni upasuaji, na mara nyingi anayeufanya si daktari bingwa bali afisa wa kliniki au muuguzi aliyefunzwa. Katika mbinu moja hukata kigubiko kama milimita 3 kutoka ukingoni, akaupindua ukingo kuelekea nje na kushona. Uzi ukilegea, kope hurudi. Ukikazwa mno, kigubiko hupinduka kupita kiasi. Jaribio lililofanywa Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2016 lililinganisha mbinu mbili: ndani ya mwaka mmoja kope zilirudi kwa asilimia 13 ya wagonjwa wa mbinu moja, na kwa asilimia 22 ya wale wa nyingine.

Mkono mpya basi ujifunzie wapi? Kwa mtoto wa jicho tuna jibu. Utafiti wa OLIMPICS, uliohusisha madaktari wanafunzi wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2021, uliwafunza baadhi yao kwa macho ya bandia. Katika mwaka uliofuata, utando wa nyuma wa lenzi ulipasuka katika asilimia 7.8 ya upasuaji wao; kwa wenzao ambao hawakuwa wamepata mafunzo hayo, asilimia 26.6. Kwa vikope kuna kigubiko cha bandia kiitwacho HEAD START. Ni kifaa kizuri mno, ila kipande kikishakatwa kimekwisha.

Kompyuta hurudia bila kikomo. Hugawa nyama katika maelfu ya piramidi ndogo, kisha hukokotoa jinsi kila moja inavyobanwa na jirani zake. Jicho la mwanafunzi hutosheka na picha 30 kwa sekunde. Mkono wake, ulioshika kifaa kinachorudisha nguvu ya nyama, hutaka nguvu hiyo ihesabiwe upya kama mara 1,000 kwa sekunde, la sivyo ugumu hautahisika. Mwaka 1999 Cotin, Delingette na Ayache wa Ufaransa waliharakisha kazi hiyo katika kuiga ini kwa kukokotoa sehemu kubwa mapema. Lakini kisu kikipita, umbo lenyewe hubadilika na hesabu za awali hubatilika. Kukata ndiko kugumu, na kukata ndiko tunakokuhitaji.

Hata hivyo, hesabu si kikwazo changu kikuu. Programu ya uigaji iitwayo SOFA hupatikana bure, na wanafunzi wetu wanaiweza. Kinachonihangaisha ni kovu. Bamba lililo ndani ya kigubiko chenye vikope limekakamaa na kupinda; kigubiko cha kompyuta kilichotokana na vipimo vya watu wenye afya kitamzoesha mwanafunzi nyama ambayo hataikuta Oltepesi.

Ndiyo maana ninaomba ridhaa yenu, wazee na akina mama wa Oltepesi. Kabla ya sindano ya ganzi, kifaa chepesi kivute kigubiko kidogo na kupima kinavyokaza. Atakayekataa atatibiwa vilevile. Vipimo vihifadhiwe bila majina, hapa Kenya, na tutakachokipata kielezwe kwenu kwa Kimaasai kabla hakijachapishwa popote.