Baada ya Mavuno, Tucheze Nini?

(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya matumizi ya wakati wa mapumziko. Mada hii nimeipenda, maana tunakutana wakati ambao kila mtu wa Bonde la Rukwa anaujua. Mvua zilizoanza Novemba zimekwisha. Mahindi yameshavunwa, mpunga umepurwa, ufuta umefungwa matita na kusimamishwa ukauke. Jembe limetundikwa. Ukipita Mtowisa jioni utasikia kete za bao chini ya mwembe, ngoma ya harusi upande wa pili, na kelele za vijana uwanjani. Huu ndio wakati wetu wa kucheza. Aliyelima tangu Novemba hadi Mei ana haki ya kucheza, wala sikuja kumnyima mtu haki hiyo. Nimekuja kuwaeleza jinsi mchezo ulivyonigharimu mimi.

Mwaka 1995 nilikuwa kidato cha pili. Likizo ya Juni nilirudi nyumbani, nikakuta baba amevuna mahindi ya kutosha magunia kumi na mawili. Siku hizo wazazi walilipa ada, na mahindi yale yalikuwa chakula chetu na ada yangu ya Januari. Baba alikuwa na safari. Akaniita, akaniambia: "Mwanangu, Bwana Shamba ametufundisha. Anika, pukuchua, changanya na dawa, ndipo uweke ghalani. Usiweke na magunzi." Nikajibu, "Ndiyo, baba."

Lazima niwaeleze wadogo zangu kwa nini alisisitiza. Kuna mdudu aitwaye dumuzi, asili yake Amerika ya Kati. Hapa nchini alitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Tabora, kisha akasambaa mikoa mingine. Watu wengine walimpachika jina la Scania, kwa jina la lori, kwa jinsi alivyosomba chakula cha watu. Dumuzi hupenda zaidi hindi likiwa bado kwenye gunzi, kwa sababu punje zimeshikana na yeye hupata mahali pa kujishikiza anapotoboa. Ukipukuchua, unamvurugia kazi, na dawa ya unga huweza kuifikia kila punje.

Hayo yote niliyajua. Shuleni nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari na kupewa alama ya vema. Lakini wiki ile kulikuwa na mashindano ya mpira baina ya vijiji, na mimi nilicheza winga ya kulia. Kupukuchua magunia kumi na mawili kwa mikono si kazi ya siku moja. Basi nikayapakia mahindi ghalani na magunzi yake, nikanyunyiza dawa juu juu kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga, nikafunga mlango, nikakimbilia uwanjani. Tulishinda mabao mawili kwa moja. Baba aliporudi aliniuliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza.

Desemba tulifungua ghala. Kabla hatujaona kitu tulisikia: sauti ndogo ya kutafuna, kama mvua nyepesi juu ya majani makavu. Unga ulikuwa umetanda sakafuni. Ukishika hindi, linavunjika mkononi. Kati ya yale magunia kumi na mawili tulichambua mawili yanayofaa kuliwa. Baba hakunipiga. Alichukua gunzi moja, akalitazama kwa muda mrefu, akaniambia, "Hii ndiyo ada yako." Akatoka nje. Ningependa zaidi angenipiga.

Aliyetuokoa ni bibi, mama yake baba, aliyeishi juu, uwandani Ufipa. Nilipanda ule mlima kwa miguu, naona aibu kila hatua. Bibi alikuwa bado analima kwa ntumba, matuta yale ya duara ya Wafipa. Mvua zikikaribia kwisha, majani hukatwa na kufukiwa chini ya udongo, juu yake hupandwa maharage. Msimu unaofuata matuta husambazwa, na udongo uliokwisha kupata mbolea hupandwa ulezi. Kihenge chake cha ulezi kilikuwa kimejaa hadi shingoni, na ulezi wa chini kabisa ulikuwa na miaka mitatu. Ulezi una punje ndogo mno, wadudu wa ghalani hawaupati kwa urahisi, na ukikauka vizuri hukaa miaka mingi.

Bibi aliuza ulezi ule kwa wapika pombe, nikapata ada. Usiku ule nilimwona amekaa kando ya moto, anasuka ungo huku anacheka na kusimulia hadithi na wanawake wenzake. Nikamwambia, "Bibi, pumzika basi, kazi zimekwisha." Akanijibu, "Mjukuu wangu, mimi hapa nacheza. Hata kile kihenge nilikisuka nikicheza."

Nilirudi shule hii nimechelewa wiki tatu. Nafasi yangu ya winga ilikuwa imechukuliwa na mwingine, naye yumo humu ukumbini, ananicheka.

Ndugu zangu, bonde letu lina sifa moja tusiyoipenda. Wataalamu wanalihesabu kuwa moja ya mazalio ya nzige wekundu. Baada ya baa la nzige lililodumu tangu 1930 hadi 1944, mwaka 1949 kiliundwa chombo cha kimataifa cha kuwadhibiti, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Hadi leo mataifa kadhaa yanashirikiana kuwachunga nzige, hata kwa ndege. Lakini adui aliyemo ghalani hakuna ndege itakayokuja kumtazama. Yeye ni wako wewe mwenye ghala, na anaingia wakati ule ule unaposema kazi imekwisha.

Nina ungamo moja la mwisho. Mimi ni mtumishi wa serikali. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya wananchi nikiwaambia, "Hifadhini chakula," kwa sauti ya mtu ambaye hajapata kupoteza hata debe. Hadithi hii sikuisimulia. Na baba alifariki kabla sijamwambia kwamba siku ile nilipojibu "nimemaliza" nilikuwa nimetoka uwanjani. Labda alijua. Leo namwambia kupitia kwenu.

Wadogo zangu, tangu 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imefutwa katika shule za serikali. Dumuzi hawezi tena kula ada yenu, lakini anaweza kula chakula cha wadogo zenu. Chezeni mpira, tena mshinde. Ila kabla ya filimbi, hakikisheni mahindi yamekauka. Jaribio lake ni rahisi: tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa vizuri, acha kidogo. Chumvi ikishika kwenye kioo, bado kuna unyevu, rudisha juani. Siku hizi kuna mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Ukiifunga barabara, wadudu waliomo ndani huishiwa hewa wakafa, bila dawa. Lakini mfuko haumsaidii aliyeweka mahindi mabichi, wala aliyeacha tundu dogo kwa haraka ya kwenda kucheza.

Na ninyi wazee wenzangu, tusije hapa kila mara na hotuba na picha za ukumbusho tu. Nimeleta debe moja la mbegu ya ulezi kutoka uwandani. Naomba Mkuu wa Shule atukatie kipande cha shamba la shule, tuwape vijana wajaribu ntumba kwa mikono yao. Na yeyote miongoni mwetu ambaye mama yake au bibi yake bado anajua kusuka kihenge, amlete hapa likizo ijayo akae na vijana, acheze nao.

Mimi mwenyewe nimeanza kujifunza kusuka. Ungo wangu wa kwanza umepinda, na mke wangu anakataa kuutumia mbele ya wageni. Nitaendelea.