Ujumbe Usiofika kwenye Seli: Insulini na Utunzaji Wake Majumbani Wilayani Hai

Mada kwa watumishi wa afya, Kwa Sadala

Ndugu Mwenyekiti, waganga wafawidhi, wauguzi, na ninyi wahudumu wa afya ngazi ya jamii mlioshuka kutoka Masama na mliopanda kutoka ukanda wa chini,

Nimeombwa nieleze jinsi seli zinavyopelekeana taarifa mwili ukiwa mzima na ukiwa mgonjwa. Sehemu ya kwanza mliisoma chuoni, kwa hiyo nitaipita haraka. Seli moja hutoa kemikali. Ikiwa ni homoni, husafiri kwa damu. Ikiwa ni kati ya neva na neva, huvuka mwanya mdogo tu. Seli inayolengwa ina kipokezi kinachoitambua. Kipokezi kikiguswa, protini ndani ya seli huamshana moja baada ya nyingine hadi seli ibadili inachofanya. Dawa nyingi tunazotoa dirishani hufanya kazi mahali fulani kwenye njia hiyo: losatani huziba kipokezi cha anjiotensini ili mishipa isibanwe, na salbutamoli hugusa vipokezi vya mapafuni ili njia za hewa zifunguke. Saratani nyingi nazo ni seli zinazoendelea kugawanyika bila kuagizwa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni insulini. Kongosho huitoa baada ya mlo. Ikifika kwenye msuli au mafuta hushika kipokezi chake, na ndani ya seli protini zinazobeba glukosi hupanda hadi kwenye utando kuiingiza. Ini nalo huacha kumwaga sukari kwenye damu. Katika kisukari aina ya kwanza, seli zinazotengeneza insulini zimeuawa na kinga ya mwili wenyewe. Katika aina ya pili insulini ipo, tena mara nyingi kwa wingi, lakini mlolongo ulio ndani ya seli hauitikii ipasavyo.

Ugonjwa huu si wa mjini peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari hapa Hai. Kwa wanaume ulikuta wenye kisukari ni asilimia 5.9 Ilala na 1.7 Shari, kwa wanawake 5.7 na 1.1. Kufikia mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Sitakaa kwenye takwimu. Muda uliobaki nautaka kwa jambo ambalo nimelisema kwenye vikao vingi vya robo mwaka na bado halina mwenyewe: insulini inayoharibika kati ya dirisha letu la dawa na mkono wa mgonjwa.

Insulini ni protini ya asidi amino 51 katika minyororo 2. Frederick Sanger alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1958 kwa kuonyesha mpangilio wake. Kipokezi huitambua kwa umbo lake. Ikiganda kwa baridi, molekuli zake hushikamana, umbo hupotea, na hata ikiyeyuka hairudi ilivyokuwa. Jua kali nalo huiharibu. Mgonjwa hujidunga vilevile, sindano huuma vilevile, lakini kinachofika kwenye seli ni kidogo au si kitu.

Mama mmoja wa ukanda wa chini alileta kichupa cha mwanawe akiwa amekifunga kwenye pindo la kanga. Tulikizungusha taratibu viganjani, tukakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Insulini ya rangi ya maziwa inatakiwa iwe nyeupe sawasawa. Ile ilibaki na chembechembe zinazoelea, na utando ulikuwa umegandia kioo kwa ndani. Nyumbani kwake hakuna friji, hivyo alikuwa akiitunza kwenye friza ya bucha la jirani. Aliambiwa aiweke kwenye baridi, akafanya hivyo. Kadi ya mtoto ilionyesha kwamba kila alipokuja sukari ilikuwa juu, na kila ilipokuwa juu sisi tulipandisha dozi.

Hapo ndipo hatari yenyewe ilipo. Mtoto aliyepandishiwa dozi kwa dawa iliyokufa, siku akipewa kichupa kizima, atajidunga dozi ileile kubwa na safari hii itafanya kazi yote. Sukari itashuka ghafla, atatoka jasho, atatetemeka, na anaweza kupoteza fahamu au kufa. Ndugu zangu, tunamwandikia mama kwamba “hafuati maelekezo” wakati kosa liko kwenye maelekezo yenyewe.

Sentensi ya “weka kwenye friji” tunaitoa kwa mgonjwa wa juu Masama, ambako usiku wa Juni na Julai ni baridi kweli, na kwa mgonjwa wa chini ya barabara kuu ambako Februari bati linaunguza. Tunaitoa kwa mwenye friji, kwa asiye na friji, na kwa mwenye friji inayozimika umeme ukikatika. Kitabibu ni lazima tutenganishe mambo mawili. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinatakiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Kilichoanza kutumika, kwa insulini nyingi za binadamu tunazotoa, hukaa takribani wiki 4 bila friji, mahali penye kivuli, kama kijikaratasi chake kinavyosema. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva uliotumia joto lililopimwa katika kambi ya Dadaab, kaskazini mwa Kenya. Insulini iliyokaa wiki 4 kwenye joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu sawa na ya kwenye friji. Kwa hiyo kichupa kilichofunguliwa kiko salama zaidi ndani ya mtungi wa udongo kuliko ndani ya friza ya bucha.

Liko pia suala la ujazo. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Mtoto anayetumia yuniti 15 kwa siku atatumia 420 kwa siku 28. Tunamwambia mama amwage 580 zilizobaki, wakati hajui kama mwezi ujao atapata nyingine. Hatamwaga. Mimi pia nisingemwaga.

Si nia yangu kulaumu kituo chochote, na ninatambua mipaka ya bajeti ya halmashauri. Mapendekezo yangu ni haya.

Kwanza, sentensi ya “weka kwenye friji” ifutwe kwenye maelekezo yetu. Mgonjwa aulizwe anaishi wapi na ana nini nyumbani, kisha aelekezwe kulingana na jibu.

Pili, kila mgonjwa aje kliniki na kichupa anachotumia. Kiinuliwe kwenye mwanga kabla dozi haijaguswa. Hili halihitaji fedha wala kibali cha mtu.

Tatu, dozi isipandishwe kabla ya kuuliza dawa inatunzwa wapi. Dawa ikionekana imeharibika, atakapopewa mpya mganga aipange dozi upya, na mgonjwa apimwe sukari mara kwa mara siku za mwanzo.

Nne, wahudumu wa jamii wafundishe kutunza insulini kwa chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati. Hupoza kwa maji kukauka, kwa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi kwenye hewa kavu ya ukanda wa chini, ambako ndiko kunakohitajika.

Tano, katika maoteo ya dawa tuombe katriji za mililita 3 na kalamu zake kwa ajili ya watoto, badala ya kungoja tunacholetewa.

Sita, friji ya chanjo ni ya chanjo, na simshauri yeyote avunje mwongozo. Lakini Mganga Mkuu wa Wilaya atoe tamko la maandishi: akiba ya insulini ya mgonjwa asiye na friji itunzwe wapi? Tarehe ya kufungua kichupa nayo iandikwe juu yake kwa kalamu, pale pale dirishani.

Saba, narudia kwa makusudi: kichupa kitazamwe kwanza, dozi baadaye.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kabla ya kufunga kikao kila mganga mfawidhi aliyepo aseme mbele yetu: friji ya dawa kituoni kwake ina kipimajoto kinachosomwa kila siku, au haina?