Masikio ya Wazee

Hapa Dodoma kijana akisuka nywele na kutoga sikio huitwa mhuni aliyeiga ng'ambo. Ajabu! Vijana wa Kigogo wa zamani walisuka nywele, wakajipaka udongo mwekundu, wakatoga masikio hadi ndewe zikaning'inia. Ndiyo iliyokuwa alama ya rika lao.

Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana. Mwaka 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Waliovaa suruali zile leo ni babu, na baadhi yao ndio wanaofoka!

Mwajiri anayemnyima kijana kazi kwa sababu ya hereni na apite kwanza vijijini Ugogo, awatazame wazee masikio.