Viatu vya Baghdad na mawe ya Goma



Vijana wanatuuliza kila tunapokutana: kiongozi akija tena na ahadi zilezile, kwa nini tusimtupie kitu? Wanatukumbusha yule mwandishi wa habari wa Iraki, Muntadhar al-Zaidi. Tarehe 14 Desemba 2008, mjini Baghdad, alisimama mbele ya kamera akamrushia Rais George W. Bush wa Marekani viatu vyake, kimoja baada ya kingine. Kwa Waarabu hilo ni tusi kubwa. Aliporusha cha pili alitaja wajane na yatima wa vita.

Hatutawaficha: wengi wetu tuliposikia tulicheka, kisha tukanyamaza. Wajane na yatima tunao. Lakini tufuate habari hiyo hadi mwisho. Alikamatwa palepale, akahukumiwa miaka 3, ikapunguzwa ikawa 1, akatoka Septemba 2009 baada ya miezi 9. Alieleza kwamba aliteswa kizuizini. Na Bush? Alitania kwamba kiatu kilikuwa namba 10. Hapo ndipo panapotuuma. Mwandishi yule alikuwa na nafasi ambayo sisi hatuna, ya kumwuliza mkubwa swali dunia nzima ikisikia, na watu wakabaki kuzungumza habari ya kiatu.

Sisi pia tulikuwa na mawe yetu. Oktoba 2008, watu wa Goma walirushia mawe nyumba za MONUC kwa sababu haikuwalinda. Hasira ile ilikuwa na haki yake. Siku chache baadaye waasi wa CNDP walikuwa karibu na mji.

Msidhani kuuliza ni kazi ya waoga. Serge Maheshe na Didace Namujimbo wa Radio Okapi hawakumtupia mtu kitu. Waliuawa kwa risasi Bukavu, mmoja 2007, mwingine 2008.

Basi mgeni akifika, tuwatangulize mama watatu na mzee mmoja, waandishi wa redio wakiwepo. Waulize: chakula kitafika lini? Nani analinda njia ya kuni? Mwenye daftari aandike jibu, tarehe na jina la aliyejibu, ili akirudi tumsomee. Na vijana wanaotaka kusimama na mabango wasimame. Tutasimama nao.