Barua kwa Fundi, Ubovu kwa Muuzaji

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la karakana)



Sisi tunaofanya kazi chini ya mabehewa tunaijua desturi hii. Bloki ya breki inapasuka kabla ya siku zake, na swali la kwanza la msimamizi ni: Nani aliifunga? Fundi anaandikiwa barua, bloki nyingine inatolewa stoo, kazi inaendelea. Baada ya wiki mbili hiyo nayo inapasuka, na barua anapata fundi mwingine. Hakuna anayeuliza bloki zile zilitoka kwa nani, wala nani alizipima.

Tumeona afadhali tutoe mfano wa mbali, asije mtu akasema tunamsema yeye.

Tarehe 24 Februari 2009 shirika la anga la Marekani, NASA, lilirusha roketi ya Taurus XL kutoka California. Ilibeba setilaiti ya kupima hewa ya kaboni. Juu ya roketi kuna kofia ya kuikinga setilaiti wakati wa kupaa. Ikifika juu, kofia sharti itoke, maana ni mzigo tu. Inashikwa na kiungo cha alumini kilichotengenezwa ili kipasuliwe kwa baruti wakati wake ukifika. Siku ile kofia haikutoka. Roketi ikalemewa, ikaanguka baharini upande wa Antaktika.

Wataalamu wakachunguza, wakataja mambo kadha yaliyoweza kuwa sababu, wakabadilisha mtambo wa kusukuma kofia. Tarehe 4 Machi 2011 wakarusha nyingine ya namna ile ile, yenye setilaiti iitwayo Glory. Kofia haikutoka tena. Hasara ya safari hizo mbili ilifika dola milioni 700.

Ndugu, watu wale wana elimu kubwa, wala hawakulala. Lakini ubovu ulikuwa umepita mlangoni ukiwa na cheti mkononi.

Mwaka 2019 NASA ilitangaza asili yake. Kampuni ya Sapa Profiles ya Portland, jimbo la Oregon, iliyotengeneza alumini ile, ilikuwa ikigeuza majibu ya vipimo kwa miaka 19. Chuma kikivutwa na mashini ya kupima nguvu kikashindwa, tarakimu zilibadilishwa, cheti kikaandikwa kuwa ni kizima. Vyeti vya namna hiyo vilikuwa maelfu. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 46, na msimamizi mmoja wa maabara akahukumiwa kifungo cha miaka 3.

Je, kifungo kile ndicho mwisho wa habari? Sisi twasema hapana. Serikali ya Marekani yenyewe ilieleza kwamba bonasi za wafanyakazi wa pale zilitegemea kwa sehemu wingi wa mali iliyotoka kiwandani. Chuma kilichoshindwa kipimo kilichelewesha kazi. Mpimaji anayelipwa kwa wingi, huyo hapimi tena. Hatumtetei aliyedanganya. Lakini ukimwondoa yeye ukaiacha bonasi, atakayekalia kiti chake atakuta majaribu yale yale.

Turudi kwenye breki zetu. Bloki iliyopasuka isitupwe kwenye chuma chakavu. Ifungwe kibandiko chenye namba ya behewa, tarehe iliyofungwa, na alama iliyopigwa na kiwanda. Bloki kumi zenye alama moja zikipasuka kwa mafundi wanne mbalimbali, barua ya kumkemea fundi itakuwa ya nini? Zilizobaki stoo zenye alama ile zitengwe, zisitolewe huku tunangojea majibu. Tena katika kila shehena zichukuliwe chache, zipimwe na mtu asiyelipwa na muuzaji. Na muuzaji akileta mpya badala ya mbovu, bado hajatengeneza kitu. Aonyeshe alichobadilisha kiwandani mwake, kama ni mchanganyiko wa chuma, au moto, au namna ya kupoza. Shehena inayofuata ndiyo itakayomshuhudia.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya ofisi. Kweli, ofisi ndiyo inayonunua. Lakini wanaolala chini ya behewa ni sisi, na barua zinaandikwa kwa majina yetu.

Bloki zote zilizopasuka tangu mwezi uliopita zipelekwe kwa katibu wa tawi, kila moja na kibandiko chake, kabla ya Ijumaa. Siku hiyo kamati itaziweka mezani mbele ya wakubwa.